Mtoto Mgongoni mwa Mwalimu

Mke wangu alipopata nafasi ya kusomea ukunga mjini Nyeri, binti yetu alikuwa na miezi saba na meno mawili. Kozi ilikuwa ya mwaka mmoja, wanafunzi walilala humo humo bwenini, na watoto hawakuruhusiwa kuvuka lango. Mara ya kwanza alipoitwa alikuwa na mimba, wakamrudisha nyumbani na tumbo lake. Hii ilikuwa mara ya pili, na aliambiwa wazi kwamba ya tatu haipo: akikataa, au akiondoka katikati, nafasi yake inapewa mwingine na yeye atabaki muuguzi msaidizi wa kumwaga mabeseni mpaka astaafu.

"Nitabaki naye mimi," nikasema.

Aliniangalia. "Wewe?"

"Mimi."

"Unajua hata mahali nepi ziko?"

Sikujua. Lakini alikwenda, kwa sababu aliitaka kozi ile kuliko alivyouogopa ujinga wangu. Nikabaki nimesimama katikati ya nyumba na mtoto aliyenitazama kama mkaguzi wa shule.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilifundisha historia katika shule ya upili karibu na Karatina, na tulikaa katika nyumba za walimu, zile za mawe zenye mabati mekundu. Mama yangu alikuwa amefariki kabla sijaoa. Shangazi yangu aliahidi kuja kumlea mtoto, na hivyo ndivyo tulivyomwambia mama mkwe wangu kule Kutus, lakini magoti ya shangazi yaliikataa baridi yetu na akarudi kwake kabla wiki haijaisha. Hatukuona haja ya kutangaza. Nilipokuwa darasani, mke wa karani wa shule, jirani yetu, alinishikia mtoto. Saa nyingine zote alikuwa wangu.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hivyo nilimwita Mama. Nilimwogesha Mama, nikamchemshia Mama maziwa, nikampondea Mama viazi na ndizi, nikafua nepi za Mama na kuzianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo wavulana wa bweni hawakuweza kuziona. Kila Jumapili alasiri nilimpeleka Nyeri akamwone mama yake wa kweli kwenye nyasi za nje ya bweni.

Ukaidi wangu ulikuwa na sababu. Baba yangu alichukuliwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, akapelekwa kizuizini nikiwa mdogo wa kubebwa, na aliporudi nilikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi. Nilimwita "huyo mzee". Alikaa kwenye kiti mlangoni, mikono juu ya magoti, akitutazama kama mgeni anayengoja chai. Watu walisema wanaume ndivyo walivyo. Si kweli. Baba alinyang'anywa ile miaka ambayo angetuzoea, na kisha akalaumiwa kwa kutozoea. Jambo hilo lilinikasirisha nikiwa mtoto na linanikasirisha hadi leo.

Mpinzani wangu mkubwa katika mambo haya, na rafiki yangu mpaka sasa, alikuwa mwalimu wa bayolojia. Alikuwa ametoka chuo kikuu juzi tu, nywele zake duara kubwa, suruali yake pana huko chini kiasi cha kufagia chumba cha walimu kila alipopita. Akili alikuwa nayo, siwezi kumnyima. Alikuja na elimu mpya kuhusu wanyama, jinsi tabia zao zilivyochongwa na vizazi vingi vya kuishi na kufa, na aliamini kwamba binadamu naye hakuachwa nje. Mama, alisema, ana mayai machache, na akishika mimba amefungwa miezi tisa na miaka ya kunyonyesha juu yake, kwa hivyo kila mtoto ni mali asiyoweza kuipoteza. Baba ana mbegu tele. Akipanda hapa anaweza kwenda kupanda kule, na hasara yake ni ndogo.

"Halafu kuna mambo ya uhakika," aliniambia siku moja kwenye chai ya saa nne. "Mama anajua mtoto ni yake. Alimwona akitoka. Wewe unaamini tu. Sasa maumbile itampatia nani ile roho ya kuamka usiku?"

"Angalia masikio ya huyo mtoto," nikamjibu, "halafu uangalie yangu, halafu unywe chai yako."

Walimu walicheka. Masikio yangu yalijulikana Mathira nzima.

"Si wewe nasema," akaendelea bila kukasirika. Hakuwahi kukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Nasema dume kwa jumla. Simba analea? Fisi analea? Hata hiyo jogoo ya karani, umewahi kuona imelalia vifaranga?"

"Mbuni dume hulalia mayai."

"Kwani wewe ni ndege?"

Ndivyo tulivyokwenda, wiki baada ya wiki. Nami nasema kweli, maneno yake yaliniingia kuliko nilivyotaka ajue. Kulikuwa na asubuhi nilizoamka nimechoka mpaka kwenye mifupa, nikawaza kwamba huenda mke wangu alizaliwa na kitu ambacho mimi sikupewa. Nilimpenda Mama kupita kiasi. Lakini kumpenda hakukunieleza kwa nini analia.

Chama cha mdahalo cha shule kilisikia habari zetu, kikatuomba tubishane mbele ya wanafunzi. Hoja ilikuwa kwamba maumbile hayakumuumba baba awe mlezi. Yeye aliiunga mkono, mimi nikaipinga. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Nilizungumza vizuri. Niliwakumbusha wavulana kwamba wakati wa hali ya hatari, wanaume walipokuwa kizuizini na msituni, ni mama zao na nyanya zao waliojenga nyumba za vile vijiji tulivyofungiwa. Walipanda juu ya paa na kuezeka, kazi ambayo tangu zamani tulihubiriwa kwamba ni ya mwanamume kwa kuzaliwa. Hakuna aliyeanguka kwa kukosa ndevu. "Ikiwa mwanamke aliweza kupanda mpaka kwenye paa," nikasema, "mwanamume anaweza kuinama mpaka kwenye beseni." Wakapiga meza. Nikakaa chini nikijua nimeshinda.

Mwalimu wa bayolojia akasimama polepole. Hakutaja simba wala fisi.

"Mimi niko na swali moja tu," akasema. "Mwalimu amekaa na huyu mtoto miezi. Nani hapa amewahi kumwona amembeba mgongoni? Barabarani. Mchana. Watu wakiona."

Kicheko kikaanzia nyuma na kuja mbele.

"Ndani ya nyumba, mapazia yakifungwa, yeye ni mama. Akitoka nje ni mwanamume. Nani amemwambia afiche? Hakuna sheria. Hakuna askari. Ni kitu iko ndani yake, na hiyo kitu ndiyo mimi naita maumbile."

Na ilikuwa kweli. Ndani nilimbeba mgongoni nikifagia na nikisahihisha madaftari, nimemfunga kwa leso ya mke wangu, naye akilala huko nyuma akinitia mate shingoni. Lakini nje nilimchukua mikononi, mbele ya kifua, kama mtu aliyetumwa kufikisha mzigo wa wenyewe. Kwetu mwanamume hambebi mtoto mgongoni. Mgongo wa mwanamume ni wa magunia. Kura zilipopigwa nilishindwa vibaya, na hata wavulana wa darasa langu waliinua mikono dhidi yangu, wakati alama zao za muhula zilikuwa bado zinangoja kalamu yangu.

Sikulala vizuri. Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Nilimlisha Mama, nikamvalisha kofia ya sufi, nikainama, nikamtupa mgongoni na kumfunga leso kifuani kwa fundo la nguvu. Ilikuwa leso ya manjano yenye maua mekundu. Nikachukua kikapu na kutoka kwa mlango wa mbele. Nilipita mbele ya nyumba ya mwalimu wa bayolojia, ambaye alikuwa anapiga mswaki uani, nikamsalimu. Povu likamtoka mdomoni.

Nilijiandaa kwa kicheko. Njia nzima hadi Karatina nilikuwa natunga majibu, makali moja baada ya jingine, na mengine yalikuwa mazuri mpaka nikatamani mtu anicheke upesi kabla sijayasahau.

Hakuna aliyecheka. Niliingia sokoni na kelele ikapungua kila nilipopita. Wanaume wawili waliokuwa wanabishana juu ya mbuzi waliacha kubishana na wakavua kofia. Muuza viazi alinipimia debe, akaongeza juu, akaongeza tena, na nilipotoa pesa akakataa nusu. Muuza ndizi, mwanamke ambaye kwa kawaida angekuvua shati kwa senti kumi, alinipa mkungu mzima na kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu ako, Mwalimu," akasema.

"Ako kweli," nikamjibu kwa furaha.

Alinitazama kwa namna ambayo niliichukua kuwa heshima kuu. Wachuuzi waliokuja na maharagwe na nyanya kutoka Kutus walinijua, maana mimi ndiye mwalimu niliyeoa kwao, na hao nao walisimama, wakamtazama Mama mgongoni mwangu, wakatikisa vichwa bila neno. Mmoja alifuta macho. Niliwapungia mkono.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Niliona kwamba nchi ilikuwa imebadilika bila kumwarifu mwalimu wa bayolojia. Nilipita tena mbele ya nyumba yake, polepole, na kumweleza, juu ya ukuta mfupi uliotenganisha nyua zetu, jinsi watu walivyovua kofia. Alikuna kichwa, akasema lazima kuna maelezo mengine. Nikamwambia ameze kushindwa kwake kimyakimya. Siku tatu zilizofuata nilimbeba Mama mgongoni kila mahali, mpaka posta.

Jumatano baada ya masomo nilikuwa nyuma ya nyumba, Mama mgongoni, nikianua nepi, niliposikia lori likipanda mlima kwa gia nzito. Juu ya mlio wa injini palikuwa na wimbo wa kanisa, ule wa polepole ambao kwetu huimbwa safari ya makaburini. Nikajua kuna msiba. Nikawaza ni nyumba ya nani hapa shuleni. Lori likaja likasimama mbele ya nyumba yangu.

Juu yake walikuwa wanawake tu, wamefunga vitambaa kichwani, wamekaa juu ya matita ya kuni, magunia ya unga na mikungu ya ndizi. Wa kwanza kushuka alikuwa mama mkwe wangu. Hapa lazima nieleze kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Haingii jikoni kwako, hali mbele yako, wala hamtazamani sana usoni. Tangu nioe, maneno yangu yote kwake yalikuwa yamepitia midomo ya watu wengine. Sasa alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu, mikono kichwani, akilia kwa sauti ambayo sijaisahau.

Nikafikiri ni baba mkwe. Nikamwendea mbio, nepi mkononi, machozi yakinitoka nami, maana mzee yule alikuwa mtu mwema.

"Pole, Mama," nikalia. "Alikufa lini?"

Akasimama. "Unaniuliza mimi?"

"Mzee hakuwa mgonjwa!"

"Mzee gani?" akasema. "Mzee ako nyumbani na ng'ombe. Mtoto wangu mmemzika wapi?"

Wimbo ulikufa kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Tukabaki tumetazamana, wao na machozi yao, mimi na yangu.

"Mtoto wako yuko Nyeri," nikasema. "Shuleni. Nilimwona Jumapili. Amenenepa."

Aliyenifafanulia ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alishuka kutoka juu ya lori kwa shida, akanisogelea na kunitazama, halafu akamtazama Mama nyuma yangu, halafu akaitazama ile leso.

"Baba wa mtoto," akasema, "watu wa soko walikuona Karatina. Ati uko na mtoto kwa mgongo. Sasa sisi tungefikiria nini? Mwanaume hawezi beba mtoto kwa mgongo na mama yake ako hai."

Nikaelewa zile kofia. Nikaelewa viazi vya nyongeza na mkungu wa ndizi. Huko nyuma, mwalimu wa bayolojia, aliyekuwa amekuja ukutani kutoa pole, alijikunyata kwa kicheko mpaka nywele zake zikatoweka chini ya ukuta.

Wanawake walianza kucheka, wengine kulia upya kwa furaha, na mmoja akapiga magoti kumshukuru Mungu kwenye bustani yangu ya sukumawiki. Mama mkwe alikaa chini pale pale kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso yake na kutetemeka. Nilidhani naye anacheka. Alipoufunua uso alikuwa amekasirika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

"Na ile shangazi yenu iko wapi?"

"Magoti yalimsumbua. Alirudi kwake."

"Kwa hivyo mtoto ako na nani?"

"Ako na mimi."

"Na wewe na nani?"

"Na mimi tu, Mama."

Akainuka, akaligeukia lori. "Dereva, washa gari. Tunaenda Nyeri kumchukua."

Dereva akawasha. Nyeri ilikuwa karibu, na mchana ulikuwa bado mrefu. Niliona yote kama yaliyokwisha kutokea: lori la wanawake wa vilemba likisimama kwenye lango la chuo, mke wangu akitolewa darasani mbele ya wenzake, jina lake likifutwa na mwingine akiingia kitandani kwake siku ile ile. Nikamzuia mama mkwe wangu njia. Nilisimama mbele yake nikamtazama usoni, jambo ambalo mkwe hafanyi.

"Mama, ukimtoa leo hatarudi tena huko."

"Atarudi kwa mtoto yake. Hiyo ndiyo shule."

"Alingoja nafasi hii mara mbili. Hawatamwita tena."

"Toka. Na nipe huyo mtoto."

Nilifungua fundo nikampa. Niseme kweli, nilitumaini Mama atapiga kelele na kuning'ang'ania, nipate ushahidi. Msaliti yule akacheka. Alimrukia nyanya yake, akamvuta kitambaa cha kichwani, akaonyesha meno yake yote. Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe alimlaza mapajani na kuanza kumkagua. Alimvua nguo zote. Alifungua mikunjo ya shingo, mmoja mmoja, akanusa. Akatazama nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Alibonyeza utosi kwa upole, akampanua mdomo, akampindua na kutazama matako yenye kuviringika kama maandazi. Wanawake walimzunguka, kila mmoja akitafuta lake. Mwenyekiti aliingia jikoni kwangu bila hodi na nikasikia vifuniko vya sufuria vikifunguliwa. Akatoka na chupa ya maziwa, ameiinua kwenye mwanga wa jua.

"Imechemshwa," akatangaza. "Na chuchu pia."

"Hakuna upele," akasema mwingine. Katika sauti yake nilisikia kama kuvunjika moyo.

Mama mkwe alirudia kumkagua tangu mwanzo. Alitaka kosa. Alilitafuta kwa macho na kwa vidole vya mwanamke aliyelea watoto saba, na wakati wote injini ya lori ilikuwa inanguruma. Alipokosa, akamvalisha taratibu, akamkalisha gotini na kunitazama, yeye mwenyewe, usoni.

"Huyu mtoto akilia usiku," akaniuliza, "unajuaje ni njaa, ama ni tumbo, ama ni jino?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa miezi yote. Ningeweza kumdanganya, kwa kuwa maneno sikosi. Lakini nilikuwa nimechoka kushinda kwa maneno.

"Sijui, Mama," nikasema. "Namwinua tu, najaribu. Nikikosea ananiambia, najaribu kingine. Siku hizi nakosea kidogo kuliko zamani."

 Kisha akamwambia dereva azime gari, hasikii vizuri.

"Hata mimi," akasema.

Nilidhani sikumsikia sawasawa.

"Hata mimi sikujua. Huyu mama yake alikuwa wa kwanza. Bwana alikuwa amechukuliwa, mama yangu ako kijiji ingine, huwezi kupita bila barua ya askari. Niko na mtoto peke yangu kwa nyumba. Analia, na mimi nalia. Watu walikuwa wananiambia ati mwanamke anajua tu. Nikangoja nijue." Alimfuta Mama mate kwa ncha ya leso. "Hakuna kitu ilikuja. Nikafikiri mimi ndio mbaya. Nilikaa naye tu mpaka nikamjua."

Hakuna mwanamke aliyepinga. Nilingoja wapinge. Badala yake mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliogopa kumwogesha mtoto wake wa kwanza mpaka majirani wakaanza kusogeza viti kanisani kwa harufu. Mwingine akasema yeye alimwamsha mtoto kila saa kuangalia kama anapumua, mpaka mtoto akasahau kulala. Wakaanza kusimuliana, kila mmoja akitoa ujinga wake kana kwamba alikuwa ameuficha kabatini miaka yote, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilisimama katikati yao nepi mkononi, na nilitaka kuruka. Kile kitu nilichodhani mke wangu alizaliwa nacho hakuna aliyezaliwa nacho. Walikipata mahali pale pale nilipokuwa nakipata mimi, kwa kuachwa na mtoto chumbani bila mtu wa kumkabidhi.

Nilimtazama mwalimu wa bayolojia juu ya ukuta. Hakuwa anacheka tena. "Hiyo," akasema, "lazima niifikirie." Na ameifikiria. Hadi leo anashikilia habari zake za mayai na mbegu, nami sina ugomvi tena nazo. Siku hizi ananiambia wenye elimu yake wamekuta kwamba hata damu ya mwanamume hubadilika akikaa na mtoto wake. Ananiambia kana kwamba ni habari mpya.

Zikabaki zile kuni. Kwa akina mama wale, kuni zilizopakiwa kwa ajili ya msiba hazirudi nyumbani zilikotoka, zisije zikarudi na huo msiba. Wakasimama kuzitazama. Ndipo mwenyekiti akasema kwamba kuni, unga na ndizi ndivyo vitu vile vile wanawake humpelekea mzazi mwenzao akijifungua, ile zawadi tunayoiita itega, na kwamba hapa mtoto yuko na kuni ziko.

"Na mzazi?" mtu akauliza.

Wote wakamtazama mama mkwe wangu. Itega hupewa mwanamke, na aliyemzaa mtoto huyu alikuwa bwenini Nyeri. Mama mkwe aliinuka. Alinijia, akanigeuza kwa mabega kama mtoto wa shule, akamweka Mama mgongoni mwangu na kuifunga ile leso kwa mikono yake mwenyewe, juu zaidi kuliko nilivyozoea kuifunga, na kwa kweli ilikaa vizuri zaidi. Kisha akachukua tita la kwanza la kuni, akavuka kizingiti cha jikoni ambacho hakupaswa kukivuka, akalitua kando ya jiko.

Wakapiga vigelegele. Kwetu vya mvulana vina idadi yake na vya msichana vina yake, lakini hakuna mwanamke pale aliyejua vya baba ni vingapi, kwa hivyo walipiga mpaka pumzi ikawaishia. Wavulana wa bweni walikimbia kuja kuona. Waliniona mchana kweupe, mtoto mgongoni, nikipokea unga. Mwalimu wa bayolojia aliruka ukuta na kubeba matita begani, suruali yake ikizoa majani ya sukumawiki.

Walipokuwa wanapanda lori, mama mkwe aliniita kando. Alikuwa amerudi kwenye adabu, akitazama miguu yangu.

"Jumapili ukienda Nyeri," akasema, "usimwambie nilikuwa nataka kumtoa. Mwambie asome."

Nilimwambia yote, bila shaka. Nilimweleza kifo chake, lori, wimbo, nepi, naye akacheka mpaka akalala chali kwenye nyasi mbele ya wenzake. Nilipofika kwenye lile neno la mama yake, "Hata mimi sikujua," aliacha kucheka. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Kengele ya wodi ililia, ikiwaita wanafunzi kazini. Jumapili zote zilizotangulia alikuwa akimkabidhi Mama kidole kwa kidole, akienda kinyumenyume hadi mlangoni, macho mekundu, nami nilikuwa nikirudi Karatina na moyo mzito. Siku hiyo alimbusu mara moja, akamtupa mikononi mwangu, akakimbia, viatu vyeupe vikipiga sakafu ya ujia, na hakugeuka nyuma hata kidogo. Sijawahi kuachwa na mwanamke nikafurahi namna ile.